Mpaka wa Koridoni

Kuna duka moja pale Rockville, kwenye ile barabara kubwa ya maduka, wanakaanga kahawa yao wenyewe mchana kweupe, mlango wazi. Wenzangu wakipita hapo huvuta pumzi na kusema aah. Mimi huvuka barabara. Si kwamba siipendi kahawa. Nainywa kazini vikombe vitatu kwa siku. Ni ile harufu ya punje kavu ambazo bado hazijasagwa. Inanitia aibu mpaka masikio yanapata moto. Juzi ilinikuta sijajiandaa, nikasimama palepale njiani, na binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza kuna nini. Nikamwambia nimesahau kitu. Uongo mtupu, sijasahau chochote.

Nawaandikia ninyi wa rika langu, tuliokulia kwenye maghorofa ya Falls Church, huku Virginia, na kwingineko, wazazi wakitusemesha Kiswahili cha kwao nasi tukijibu Kiingereza cha shule. Kiswahili hiki ninachoandika nimekinyoosha ukubwani, kwa msaada wa jirani yangu Mtanzania asiyevumilia kosa hata la kusalimia. Wakati ule nilikielewa chote na kukionea haya chote. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wa kwanza, mjuaji, mwenye kiburi cha bure. Nasema hivyo mapema ili msije mkanionea huruma.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa jiografia Uvira, mashariki ya Kongo. Picha yake ya siku zile tunayo: tai shingoni, fimbo ya kuonyeshea ramani mkononi, watoto sitini mbele yake. Huku alipata kazi ya kutunza wazee majumbani. Alikuwa anamwogesha, anamlisha na kumvalisha mzungu mmoja wa Rockville, mtu wa Ubelgiji, kwa sababu ofisi iliyomwajiri ilikuwa imetafuta mtu anayejua Kifaransa. Kanisani, watoto wenzangu walipotaja kazi za baba zao, mimi nilisema wangu yuko hospitali. Mtu akiniuliza hospitali gani, nilijifanya nimeitwa.

Mwaka ule mwalimu wetu akatupa kazi. Kila mtoto achague sehemu ya Ulaya ambako nchi zinapakana, aandike historia yake na vivutio vyake, achore ramani kwenye bango, kisha aje aieleze mbele ya darasa na wazazi. Mimi nilimwambia Baba ili aninunulie karatasi tu. Loo, alivyofurahi! Alizima hadi televisheni.

“Sikia, Mama,” akasema, maana kwetu baba humwita binti yake mama. “Achana na kompyuta. Muzee wangu wa ku kazi alizaliwa palepale ku mpaka. Ubelgiji, Ujerumani, Uholanzi, zote tatu zinakutana pale. Ule muzee ni kitabu muzima. Samedi tunaenda wote.”

Nikamuuliza kwa Kiingereza kama ni lazima kupoteza Jumamosi yangu.

“Ni lazima,” akasema.

Mzee mwenyewe alikuwa mtu mkubwa wa mifupa, mwembamba wa nyama, mikono mipana yenye madoa. Alikaa karibu na dirisha na blanketi magotini. Asubuhi alikuwa na akili zake timamu. Aliongea Kifaransa, Baba akakigeuza Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kiingereza, kwa hiyo habari ilivuka mipaka miwili kabla ya kufika kwenye daftari langu. Alitoka upande wa Eupen, mji mdogo wa Ubelgiji ambako watu husema Kijerumani. Babu yake alizaliwa humo akiwa raia wa Ujerumani. Baada ya vita ya kwanza ya dunia washindi wakakata ile ardhi wakawapa Wabelgiji. Vita ya pili ikaja, Wajerumani wakairudisha kwao, ikaisha, Wabelgiji wakaichukua tena. Yeye mwenyewe alipofika umri wangu alikuwa amekwisha kuwa mtu wa nchi mbili, na nyumba ni ileile.

“Unasikia, Mama?” Baba akanigusa bega. “Batu ba pale hawakutoka hata ku kitanda. Mpaka wenyewe njo ulitembea.”

Halafu akamweleza mzee jambo ambalo sikuliandika, nililiona la kuchosha. Kwamba baada ya vita ileile ya kwanza Wabelgiji walipewa pia Rwanda na Burundi. Kwamba mama yake Baba alikuwa wa ng'ambo, wa Burundi, na yeye utotoni alivuka kila likizo kwenda kwa bibi yake, akipita mbele ya maafisa wa forodha na kifurushi cha unga kichwani. Mzee akapiga kofi goti lake. Wakaanza kuitana ndugu. Mimi niliuliza kama tunaweza kurudi kwenye vivutio.

Vivutio vilikuwepo, tena vya ajabu. Kilima chenye nguzo ambapo ukiizunguka unakanyaga nchi tatu kabla hujamaliza kucheka, na mnara wa kupanda, na bustani ya vichochoro vya majani ambamo watu wazima hupotea kwa hiari yao. Karibu na hapo palikuwa na kipande kidogo cha ardhi chenye mgodi wa zinki. Wafalme walishindwa kukigawana, kikakaa bila mwenyewe karibu miaka mia. Kulikuwa na reli ambayo chuma chake kilikuwa cha Ubelgiji na mashamba ya pembeni ni ya Ujerumani. Leo watu huendesha baiskeli juu yake. Kulikuwa na nyanda za majimaji, baridi na ukungu, ambako unatembea juu ya mbao ili usizame. Wakati wa sherehe zao za kabla ya Kwaresima, kuna siku wanawake huingia mjini na mikasi kukata tai za wanaume. Baba alishika shingo yake kana kwamba wanakuja. Na wana keki ya wali wa maziwa. Hiyo ilimchekesha mpaka akatoka machozi: “Wali ndani ya mukate! Na wanatushangaa siye na ugali!”

Lakini kilichonivutia mimi ni kahawa. Mzee alipokuwa mtoto, vita imekwisha, kahawa upande wa Ujerumani ilitozwa ushuru mkubwa mno, na upande wa Ubelgiji ilikuwa rahisi. Bibi yake aliishi ng'ambo, upande wa Ujerumani. Basi watoto walivukishwa na kahawa ndani ya soksi, ndani ya vitambaa vya koti, chini ya kofia. Alipita mara nyingi. Mara moja tu alikamatwa. Afisa alimvua soksi mbele ya watu, akamweka kwenye kibanda mchana kutwa, na bibi yake alikuwa anaonekana kabisa upande wa pili wa kizuizi, anamngoja. Alijikojolea humo kibandani. Alipolisema hilo alitazama dirishani, na Baba alilitafsiri kwa sauti ya chini. Niliandika kila neno.

Sasa mnielewe vizuri hapa. Nilijua. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu.

Asubuhi ndiyo ilikuwa hivyo. Ikifika saa kumi hivi za jioni, akili za mzee zilianza kuondoka. Alitembeatembea, akishika vitasa vya milango, akisema Kijerumani, akitaka kwenda kwa bibi. Hakukubali kuoga wala kukaa. Watunzaji wawili kabla ya Baba walikuwa wameacha kazi kwa sababu ya saa hiyo, mmoja alipigwa ngumi. Baba alikuwa amepata dawa yake mwenyewe. Aliweka viti viwili koridoni, akalaza fagio juu yake, akavaa kofia ya mlinzi, akasimama kakamavu nyuma ya fagio. Mzee alipokuja, Baba akapiga saluti.

“Les papiers, Monsieur!” Hati zako, bwana.

Mzee akatoa kadi ya karata mfukoni. Baba akaikagua mbele na nyuma, akakunja uso, akaigonga kwa ngumi mara mbili kama mhuri. Ndani ya soksi za mzee kulikuwa na kahawa. Kila siku alijaza mwenyewe kutoka kopo la jikoni, anachechemea, na harufu imejaa korido nzima. Baba alinusa juu. Akanusa chini. Akainama mpaka karibu na vifundo vya miguu ya mzee, halafu akainuka akasema hakuna kitu, akanyanyua fagio. Mzee alipita ameshinda. Ng'ambo ya fagio kulikuwa na bafu, na bibi hapokei mtoto mwenye miguu michafu, kwa hiyo alikaa mwenyewe kwenye kiti cha kuogea na kumwachia Baba amvue soksi.

Leo nikilikumbuka hilo naona kazi ya mwalimu mkubwa. Siku ile niliona nini? Niliona baba yangu, mtu wa tai na fimbo ya ramani, anampigia saluti mzungu kwa fagio. Niliona anainama miguuni. Nilimsikia mzee, akipita, anampiga kofi jepesi shavuni na kusema neno kwa Kijerumani huku anacheka.

“Amekuitaje?” nikamuuliza Baba.

“Ameniita mupumbavu,” akasema, naye anacheka.

“Na wewe unacheka?”

“Sasa nifanye nini? Afisa wa forodha ni mupumbavu kweli. Kahawa iko inanuka mpaka Virginia, na yeye hasikii!”

Sikucheka. Nilikaa kwenye gari njia nzima ya mzunguko wa jiji nimenuna, nikimtazama anavyoendesha huku akipiga mluzi, nikamdharau. Ndiyo, nalisema neno lenyewe. Nilimdharau baba yangu kwa sababu alikuwa mwema kwa namna ambayo sikuielewa.

Jumamosi ya tatu bango langu lilikuwa karibu kwisha. Nilikuwa mezani natia rangi kilima cha nchi tatu. Baba alikuwa amekwisha kupanga viti na fagio, kofia iko juu ya kiti, akashuka chumba cha chini kutoa nguo kwenye mashine. Mzee akatangulia. Nikamwona anakuja anachechemea, kadi mkononi, uso umejaa ile raha ya kuvizia. Alisimama mbele ya fagio akangoja.

Nilisimama, nikavaa kofia. Nikaenda nyuma ya fagio.

Nilitaka huo mchezo uishe. Nilijiambia hivyo, kwamba nikiuharibu leo, Baba hatausimamia tena kesho. Mzee akanipa kadi, anatabasamu. Sikuipokea. Kifaransa changu kilikuwa cha maneno kumi, ila hilo nililijua.

“Fermé,” nikasema. Kumefungwa.

Akanyoosha kadi tena. Nikaelekeza kidole kwenye soksi. Zivue. Akatikisa kichwa. Nikapaza sauti, nikapiga mguu chini, na yule mzee wa miaka sabini na zaidi akainama akavua soksi, moja, kisha ya pili, na punje zikamwagika sakafuni zikibingirika mpaka chini ya meza yangu. Halafu akatazama nyuma yangu, kule bafuni, akaanza kuita bibi yake. Hakupiga kelele. Aliita kwa sauti ndogo. Suruali ikalowa.

Mnajua kilichonipata? Nilifurahi. Kwa muda mfupi sana, labda pumzi mbili, nilifurahi, kama mtu aliyelipa kisasi. Kisha nikaogopa nikatupa kofia chini, nikarudi mezani na kushika kalamu.

Baba alipanda ngazi na kapu la nguo. Aliacha kapu, akamkimbilia, na kwa kuwa kofia ilikuwa njiani aliiokota, nayo ikabaki mkononi mwake. Hapo ndipo mlango wa mbele ulipofunguka. Alikuwa Bi Karin, binti wa mzee, ambaye kwa kawaida hurudi saa kumi na mbili. Akakuta kizuizi cha fagio, kahawa sakafuni, baba yake analia peku ndani ya mkojo, na mtunzaji wake mwenye kofia ya mlinzi mkononi.

“Nini hiki?” akauliza. “Nani amemfanyia hivi?”

Baba akanitazama. Hakunishuku, naapa, alinitazama kuona kama nami nimeumia. Mimi nilikuwa natia rangi.

“Ni mchezo wetu, Madame,” akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. “Kila siku tunacheza. Anapenda. Leo sijui.”

“Mnacheza polisi wa mpakani? Na baba yangu?”

Akajaribu kueleza, na kila alivyoeleza ilizidi kuwa mbaya. Bi Karin hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa mimi, ningefanya alivyofanya. Alimwomba Baba atoke nyumbani mwake, akamkumbatia baba yake akiwa amelowa vilevile. Jumatatu ofisi ilimpigia Baba simu kumwambia kazi imekwisha.

Kwenye gari aliniuliza mara moja tu. “Mama, weye ulikuwa pale. Nini ilitokea?”

“Sijui,” nikamjibu kwa Kiingereza. “Nilikuwa naandika. Alianza tu kulia.”

Akatikisa kichwa polepole. Tulikuwa tumefika kwenye taa za barabarani karibu na kwetu aliposema, si kwangu hasa: “Basi ni mie. Nilimukumbusha bintu bibaya. Muzee alinieleza mwenyewe vile alikamatwa, na mie nikafanya mchezo.”

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilinichukua miaka kumi na minane.

Bango langu lilisifiwa. Niliposimulia habari ya watoto na kahawa ndani ya soksi darasa zima lilicheka, na Baba alikuwa amekaa nyuma na tai yake, amepiga makofi kuliko wote. Mwalimu akauliza nilipata wapi habari nzuri hivyo. Nikasema kwenye mtandao. Baba aliendelea kupiga makofi.

Hakuchukua mzee mwingine tena. Ofisi nyingine zilimtafuta, maana watu wa kanisani walimsifu, akakataa. Akaenda kupanga mizigo kwenye ghala. Bibi, mama yake Mama, alipokuja kwetu akiwa mgonjwa, naye pia akili zikianza kumtoka, Baba alimlisha na kumfunika vizuri, lakini hakumtania hata siku moja. Bibi akianza kuuliza mambo ya zamani, Baba alitoka chumbani akamwita Mama. Yule mtu wa mluzi, wa kukunja uso na kunusa hewani, hakurudi. Mzee wa Rockville tulisikia alikufa mwaka uliofuata. Mimi nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikajifungua, na kila nilipotaka kusema nilijiambia maji yakimwagika hayazoleki, ya nini kumkumbusha.

Mwezi uliopita, kanisani, ilipofika zamu ya ushuhuda, Baba akasimama. Si kawaida yake. Kulikuwa na kijana mgeni kutoka Bukavu aliyekuwa ameombewa kwa sababu anaanza kazi ya kutunza wazee.

“Mutoto wangu,” Baba akamwambia mbele ya wote, “ile kazi fanya kwa heshima. Usicheze na bazee. Mie nilicheza na moja, nikamuumiza roho, akafa sijamuomba pole. Munisaidie kuomba, Mungu anisamehe.”

Watu wakasema amina. Wakamnyooshea mikono wakaomba, sauti zikapanda, na mimi nimekaa safu ya tatu nikisikia kanisa zima linamwombea baba yangu msamaha wa dhambi yangu. Mama alinipa kitambaa, alidhani nimeguswa na Roho.

Nilimfuata kwenye gari. Mama alikuwa bado anakusanya vyombo vya chakula. Niliingia kiti cha mbele nikafunga mlango, nikamwambia yote, kwa Kiswahili, tangu kofia mpaka soksi mpaka ile furaha ya pumzi mbili. Sikujitetea. Nilisema: ulipoondoka alikuwa anatabasamu, Baba, alikuja na kadi yake anatabasamu. Ni mimi niliyemfungia.

Alikuwa ameshika usukani wa gari lililozimwa. Nilingoja anifokee, nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata nataka. Alipogeuka macho yalikuwa yamemjaa machozi.

“Kwa hiyo,” akasema polepole, “mchezo yangu haikuwa mubaya?”

“Haikuwa mbaya, Baba.”

“Muzee aliipenda?”

“Aliipenda.”

Akaniomba niseme tena. Nikasema tena.